Cherehani ya Jamhuri

Cherehani yangu iliibwa alfajiri na ikapatikana siku hiyo hiyo mchana, halafu ikanichukua zaidi ya mwaka kuirudisha nyumbani. Mwizi alikaa nayo nusu siku. Muda huo mwingine wote ilikuwa salama mikononi mwa serikali.

Nilikuwa fundi wa nguo pale soko la Toi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupunguza. Mitumba ya miaka ile ya tisini ilitoka kwa watu wakubwa sana. Ukiletewa suruali moja ya mzungu, ungeweza kutoa ndani yake suruali ya mwanamume wa Kibera na kaptula ya mtoto wake, na bado ukabaki na kitambaa cha kushikia sufuria. Nilipanga chumba Kambi Muru, huko huko Kibera, lakini cherehani niliilaza kwenye kibanda cha mabati karibu na soko, pamoja na za mafundi wengine wawili. Ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, yenye meza ya mbao. Mama yangu aliishonea Kitui mpaka macho yakamchoka, akanipa nilipokuja Nairobi, ikasafiri juu ya basi imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Upande wa kulia wa ile mbao palikuwa na alama nyeusi ya pasi, kumbukumbu ya siku mama alipoacha pasi ya makaa pale akakimbia kumfukuza mbuzi kwenye mahindi.

Asubuhi hiyo nilikuta kufuli imekatwa. Cherehani za wenzangu zilikuwepo, maana moja ilikuwa mbovu na nyingine haikuwa na mkanda. Mwizi alijua kazi. Niliketi kwenye kigoda changu mbele ya pale ilipokuwa, na wenzangu wakanipa pole wakijitahidi wasionekane wamefurahi.

Mchana mteja wangu mmoja aliyekaa Kawangware alikuja mbio. Alikuwa ameona mkokoteni umezungukwa na polisi kule, na juu yake cherehani yenye alama ya pasi. Nilipofika kituo cha polisi niliikuta uani, bado imefungwa kwenye ule mkokoteni kwa kamba ya katani. Lazima niseme ilikuwa imefungwa vizuri. Chini ya miguu yake ya chuma mtu alikuwa ametandika gunia ili isikwaruzwe. Niliona hilo, lakini siku hiyo halikuniambia kitu.

"Ni yako?" aliniuliza askari wa zamu.

"Ni yangu." Nikamwonyesha alama ya pasi, nikamweleza mpaka habari za mbuzi. Aliridhika.

"Basi naomba niende nayo, afande. Nina nguo za watu."

"Uende nayo wapi? Hii sasa ni kielelezo."

"Kielelezo cha nini?"

"Cha kwamba iliibwa."

"Lakini imepatikana."

"Ndiyo maana imekuwa kielelezo. Ukiichukua, huyu tutamshtaki kwa kuiba nini?"

Huyu alikuwa mwanamume wa makamo aliyeketi sakafuni, miguu mitupu, ameshika suruali yake kwa mkono kwa sababu mshipi ulikuwa umechukuliwa. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, nilimtambua kwa lafudhi. Aliponisikia nikisema cherehani ni yangu aliinua kichwa.

"Dada, wewe ndio mwenye mashine? Sasa ulikuwa wapi? Nimekungoja kule Kawangware mpaka miguu ikaniuma."

Nilidhani ananicheka. Nilitamani kumpiga na kiatu. Baadaye askari alinisomea maelezo ya yule mtu, huku akitabasamu kwa jinsi yalivyokuwa ya kitoto. Alidai kazi yake ni kusukuma mkokoteni. Asubuhi mapema mtu mmoja aliyevaa koti safi alimsimamisha karibu na Toi, akamsaidia kupakia cherehani, akamwambia aipeleke Kawangware, nyuma ya soko, kwenye mlango wa buluu, angoje hapo mwenye nyumba aje na ufunguo. Alifika, akangoja. Waliokuja ni polisi.

"Wote husema hivyo," askari aliniambia, na mimi nikakubali, ingawa sikuwa nimewahi kumsikia mwingine yeyote akisema.

Kortini nilikwenda na nguo ya kanisani, nikiamini kwamba nitaeleza, hakimu atasikia, na jioni nitakuwa kazini. Ndipo nikakutana na kiongozi wa mashtaka, ambaye sisi tulimwita prosikuta. Wakati huo katika korti ndogo kazi hiyo ilifanywa na polisi, si mawakili. Wetu alikuwa inspekta mwembamba, viatu vyake vinang'aa, aliyeingia kila asubuhi na rundo la faili lililomfika kidevuni, hata akawa anaitafuta njia kwa jicho moja la pembeni. Faili alizifungua kesi inapoitwa. Mara nyingi yeye, hakimu na mshtakiwa waligundua pamoja, kwa wakati mmoja, mshtakiwa amefanya nini.

Nilimfuata kwenye baraza. "Habari yako, afande. Wewe ndio wakili wangu?"

"Mimi si wakili wa mtu, madam. Mimi nasimama kwa niaba ya Jamhuri."

"Na mimi, nani anasimama kwa niaba yangu?"

"Jamhuri."

"Na yule jamaa wa mkokoteni?"

Alitazama faili. "Yule anasimama mwenyewe."

Alinieleza kwa upole kwamba kesi si yangu. Mimi ni shahidi wa kwanza tu. Kesi ni ya Jamhuri dhidi ya yule mtu. Jamhuri niliijua kwa sikukuu yake ya Desemba. Sikujua kwamba imeguswa kiasi hicho na cherehani yangu. Bomba letu la Kambi Muru lilipokauka mwezi mzima, haikuguswa.

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mara faili haionekani, mara askari aliyemkamata yuko likizo, mara gari la kuwaleta mahabusu limekosa mafuta, mara hakimu amekwenda semina, na nikaambiwa semina yenyewe ni ya kuharakisha kesi. Kila mara prosikuta alisimama, akainamisha kichwa na kuomba tarehe nyingine, kwa sauti nzuri ya mtu anayeomba chumvi mezani. Hakimu alimuuliza mshtakiwa kama ana pingamizi. Jamaa wa mkokoteni, ambaye hakujua pingamizi ni mnyama gani, alijibu, "Asante, mheshimiwa." Akarudishwa rumande.

Kwenye benchi la nje nilikuwa nikikaa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Tuligawana mahindi ya kuchoma na kulaani korti kwa muda mrefu kabla ya kuulizana kesi zetu. Alikuwa mke wa mshtakiwa. Tulipogundua hivyo yeye akasema, "Basi wewe ndio yule wa cherehani," nami nikasema, "Ndiyo," na kwa kuwa mahindi yalikuwa bado nusu, tukayamaliza.

"Bwana yangu ni mtu wa kungoja," aliniambia. "Ukimwambia angoje hapa, utamkuta hapa. Hiyo ndiyo shida yake."

Maneno hayo yalinikaa. Nilianza kufikiria lile gunia. Nani anaiba kitu kisha anakitandikia gunia kisikwaruzwe, na baada ya hapo anasimama nacho sokoni mchana kweupe? Kwa kuwa sikuwa na cherehani, nilikuwa na nafasi. Siku moja nilikwenda Kawangware, nyuma ya soko, nikautafuta mlango wa buluu. Ulikuwepo. Ulikuwa mlango wa stoo tupu ambayo haikuwa na mpangaji. Mbele yake akina mama wawili waliuza mboga za sukuma wiki, na nilipowauliza, walimkumbuka bila kufikiri.

"Yule wa mkokoteni? Si alitusumbua," mmoja alisema. "Kila mtu akipita anauliza, wewe ndio mwenye mashine? Mpaka mimi aliniuliza. Aliomba maji, tukampa. Jua lilipokuwa kali akaifunika mashine na shati lake."

"Polisi waliwauliza?"

"Watuulize nini? Walimkuta na kitu, wakamchukua."

Nilirudi kortini nikiwa nimejaa habari kama mtungi. Nilimkuta prosikuta anakunywa chai kwenye kibanda cha nje, faili zake zimekaa kwenye kiti cha pili kama mgeni. Nilimweleza yote, mlango, maji, shati. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitarajia.

"Madam, hayo ni maneno ya utetezi. Mshtakiwa ndiye atawaita hao mashahidi."

"Atawaitaje? Yuko rumande. Hata majina yao hajui."

"Hiyo ndiyo changamoto yake."

"Na wewe kazi yako ni gani?"

"Kuthibitisha shtaka."

"Hata kama si yeye?"

Aliweka kikombe chini. "Kama si yeye, hakimu atasema si yeye. Kila mtu akifanya kazi ya mwenzake, korti itakuwa soko." Nilitaka kumwambia sokoni kesi huchukua dakika tano, lakini alikuwa ameshainua faili zake na uso wake haukuonekana tena.

Tarehe iliyofuata niliandikiwa vibaya na karani, au nilisikia vibaya. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba siku moja ya katikati ya wiki, wakati nashona shati kwa sindano ya mkono pale Toi, askari wawili walikuja na waranti ya kunikamata. Jana yake kesi ilikuwa imeitwa. Faili ilikuwepo, hakimu alikuwepo, askari wa upelelezi alikuwepo, gari lilikuwa na mafuta. Aliyekosekana ni mimi. Prosikuta, kwa niaba ya Jamhuri iliyosimama kwa niaba yangu, akaomba nikamatwe.

Nilitolewa sokoni katikati ya askari wawili, wateja wangu wakinitazama na kuhesabu nguo zao kichwani. Kortini niliingizwa seli ya wanawake, pamoja na akina mama watatu wauza pombe haramu ya chang'aa kutoka Kibera ambao waliniuliza nimefanya nini.

"Niliibiwa."

Walicheka mpaka askari akagonga mlango. Mmoja alinisogezea nafasi ukutani, akasema, "Kaa hapa, mwizi wa kuibiwa."

Kesi ilipoitwa nilipandishwa kizimbani, na aliyekuwa amesimama hapo tayari ni jamaa wa mkokoteni, maana nafasi ilikuwa moja. Tulisimama bega kwa bega, mlalamikaji na mshtakiwa. Alikuwa amekonda, na rumande ilikuwa imemwachia kikohozi. Hakimu aliniuliza kwa nini nisiadhibiwe kwa kudharau korti. Kabla sijafungua mdomo jirani yangu aliinua mkono.

"Mheshimiwa, huyu dada si mtu mbaya. Anakuja kila siku. Pengine alipotea tu tarehe."

Hakimu alimtazama, akanitazama, akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akanionya, akaniachilia, na akaamuru kwamba kwa vile shahidi amepatikana, kesi isikilizwe hapo hapo. Nilishuka kizimba cha washtakiwa, nikavuka chumba, nikapanda kizimba cha mashahidi. Nikapewa Biblia. Prosikuta alisimama na kuieleza korti kwamba shahidi wake wa kwanza ni mfanyabiashara mwaminifu.

Waliileta cherehani. Askari wawili waliibeba wakaiweka katikati ya chumba, na nusura nilie, maana ilionekana kama jamaa yangu aliyeletwa kutoka hospitali. Niliombwa niitambue. Nikashuka, nikaonyesha alama ya pasi. Halafu nikaona uzi.

"Mheshimiwa, hii cherehani imekuwa ikifanya kazi."

"Polepole," hakimu alisema, "naandika." Siku hizo hakimu aliandika kila neno kwa mkono. "Unasema imekuwa ikifanya nini?"

"Kazi. Iliibwa ikiwa na uzi mweusi. Sasa ina uzi wa kijani. Na hapa kuna kipande cha sweta ya shule."

Watu wakacheka, na askari wa pale mlangoni akaanza kusoma tangazo lililobandikwa ukutani. Hakimu alimuuliza prosikuta kama ana la kusema kuhusu uzi. Prosikuta alisema Jamhuri haina la kusema kuhusu uzi. Nilimwona masikio yake yamekuwa mekundu kidogo, kadiri masikio meusi yanavyoweza, na aliharakisha swali lililofuata.

"Shahidi, unamfahamu mshtakiwa?"

"Namfahamu."

"Ieleze korti unamfahamu vipi."

"Ni mtu aliyepewa kazi ya kubeba cherehani yangu, akaambiwa angoje, akangoja."

"Jibu swali. Alikutwa na mali yako au hakukutwa?"

"Alikutwa nayo. Alikuwa ameifunika na shati lake isichomwe na jua. Kuna mama wawili Kawangware waliona. Mimi sijui aliyeiba, mheshimiwa, lakini siwezi kusema ni huyu."

Prosikuta akamwomba hakimu jambo kwa Kiingereza. Karani, ambaye alikuwa analipwa kutafsiri, aligeuka akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Anaomba uwe shahidi adui."

"Adui wa nani?"

"Wa Jamhuri."

Yaani katika siku moja nilikuwa nimekamatwa, nimeachiliwa, nimeitwa mwaminifu, na sasa nimekuwa adui wa serikali, na yote hayo kwa sababu niliibiwa. Hakimu alisema atalifikiria ombi hilo, akaahirisha kesi.

Nje prosikuta alinipita, akaenda hatua chache, akarudi. Nilijua anakuja kunikaripia. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye kola.

"Hao wanawake wa sukuma," alisema. "Wanauzia upande gani wa soko?"

Niliogopa kumwambia. Nilidhani anataka kuwatisha. Alisubiri. Nikamwambia, maana uongo kwa polisi aliyeshika kofia mkononi ni mgumu, na mke wa jamaa wa mkokoteni, aliyekuwa nyuma yangu akisikia, hakunisemesha njia yote mpaka tulipoagana.

Yaliyotokea huko niliyapata kwa wale akina mama wenyewe. Jumamosi moja mwanamume mwembamba alifika kwenye kibanda chao, amevaa suti ya buluu na viatu vinavyong'aa mno kwa matope yale. Alinunua sukuma nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Aliuliza habari za mlango, akausukuma, akachungulia stoo tupu. Aliuliza habari za maji na shati. Halafu akasimama pale jamaa wa mkokoteni aliposimama, juani, kama mtu anayepima.

"Tulidhani amepotelewa na mke," mmoja aliniambia.

Kesi ilipoitwa tena prosikuta hakufungua faili. Alisema kwa Kiswahili, ambacho hakukitumia sana mbele ya hakimu, kwamba amechunguza mambo ambayo yangefaa kuchunguzwa mwanzoni, na kwamba kwa anavyoona, mtu aliyeletwa si aliyeiba. Jamhuri inaondoa mashtaka.

Hakimu hakupendezwa. Alimuuliza kama anajua korti imetumia muda gani kwenye kesi hii. Prosikuta alisema anajua. Alimuuliza kwa nini hakuyajua hayo mapema. Prosikuta akasema, "Sikwenda kuuliza, mheshimiwa." Sijamsikia mtu mwingine wa serikali akisema maneno hayo, na nimeishi sana.

Hakimu akaandika. Kisha akamwambia mshtakiwa yuko huru. Jamaa wa mkokoteni akasema, "Asante, mheshimiwa," kama alivyozoea, akageuka kurudi seli. Ilibidi askari amshike mkono na kumwonyesha mlango mwingine.

Pale sokoni habari zilifika kabla yangu, na kila mtu alikuwa na jibu. Prosikuta amekula kitu. Mwaka mzima aliomba tarehe, akamfungia mtu asiye na kosa, akaniweka seli mimi mwenye mali, na hakuna aliyesema amehongwa. Siku aliposema ukweli ndipo wote walipojua kwamba amenunuliwa. Niliwauliza alinunuliwa na nani, na msukuma mkokoteni aliyekuwa rumande? Wakasema mimi bado mgeni Nairobi.

Cherehani nilipewa, na bobini yake ya uzi wa chini haikuwepo. Mkokoteni wa yule bwana haukupatikana kabisa. Ulikuwa kielelezo pia, lakini vielelezo vya mbao havikai sana kwenye kituo chenye jiko la kuni. Hakugomba. Aliazima mkokoteni wa rafiki yake, akaja kituoni, akasema, "Dada, hii kazi sikuimaliza. Wacha nikurudishie pale nilipoichukua." Akatandika gunia kama kawaida.

Tulikwenda taratibu mpaka Toi. Karibu na soko nilimwambia atangulie, mimi ninunue uzi. Hiyo ilikuwa hesabu mbaya. Nilipotokeza na uzi wangu nilisikia kelele, na nikaona watu wamemzunguka. Mtu fulani alikuwa ameitambua alama ya pasi, halafu akamtambua aliyeibeba: yule mwizi, na cherehani ile ile, amerudi mchana. Mmoja alikuwa ameshaokota jiwe. Mwingine alikuwa amemshika kola. Na yeye alikuwa amesimama tu, mikono kwenye mishikio, akieleza kwa sauti ya chini kwamba mwenyewe anakuja, ngojeni, mwenyewe anakuja.

Nilipasua watu kwa viwiko. "Mwacheni. Nimemtuma mimi."

"Huyu si ndiye aliyekuibia?"

"Siye. Nimemtuma. Cherehani ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi nimesema siye."

Walinitazama. Yule wa jiwe aliliangusha polepole kando ya mguu wake, kama kitu kilichomdondoka mfukoni. Mwenye kola alimpangusa mabega, akamwambia, "Pole, mzee, si unajua hali." Wakasaidia kushusha cherehani, wakaiingiza kibandani, wakaenda zao. Jamaa wa mkokoteni alikaa kwenye kigoda changu, nikamletea chai yenye sukari nyingi. Alikunywa yote ndipo akasema kwamba kuanzia leo atabeba mkaa tu, mkaa na maji, na hatawahi tena kubeba kitu chenye alama.

Alilishika neno lake. Nilikuwa nikimwona mara kwa mara barabarani, mweusi kwa vumbi la makaa, na mkewe alikuwa mteja wangu wa nguo za shule za watoto. Aliyevaa koti safi hakutafutwa. Faili ilikuwa imefungwa, na kumtafuta kungekuwa kufungua nyingine.

Prosikuta alikuja Toi mara moja, miezi kadhaa baadaye, amebeba suruali ya sare ndani ya karatasi. Alikuwa ameondolewa kortini, amepelekwa kituo cha mbali kaskazini, kwenye jua, na safari yake ilikuwa karibu. Hakueleza kwa nini na sikumuuliza, ingawa sote tulijua kwamba mkuu wake hakupenda kesi zinazoondolewa. Alikuwa amenenepa kidogo. Nadhani kukaa bila faili kulimfaa. Nilimpa pazia ajibadilishie nyuma yake, akatoka na suruali isiyofunga vizuri, nikapiga goti kumpima.

"Afande, niulize kitu?"

"Uliza."

"Kilichokupeleka Kawangware ni nini?"

"Nilikuwa na faili nyingi mno wakati ule. Hiyo ilikuwa moja tu ambayo mtu aliniambia mlango uko wapi."

Niliweka pini ya kwanza, na ya pili. Nje mtu alikuwa akipigia kelele bei ya mashati. Niliwaza juu ya lile rundo lililomfika kidevuni, asubuhi baada ya asubuhi, na wote waliosema asante na kurudishwa rumande.

"Na zile nyingine?" nilimuuliza.

Alijitazama kwenye kioo changu kilichopasuka, akageuka upande, akavuta tumbo ndani.

"Hapa kiunoni," alisema, "achia kidogo."